Picha hii unampelekea nani?

Saa mbili asubuhi nafungua studio, chumba kimoja tu hapa Ngamiani, Tanga. Kabla ya kugusa kamera nalipiga brashi koti la wateja. Ni koti jeusi la mtu mnene, na tai yake imeshafungwa fundo, inavaliwa kwa lastiki. Mteja mwembamba namkaza mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mbele bwana mkubwa, nyuma kamba ya kuanikia.

Saa tatu, wanafunzi. Pasipoti saizi, pazia la bluu, haya mwingine.

Baada yao akaingia bibi anayetaka picha ya viza ya Marekani: sentimita tano kwa tano, nyuma peupe, miwani ivuliwe. Hilo la miwani ni sharti tangu mwaka 2016. "Mwanangu, bila miwani huyu siye mimi," akasema. Kila mteja huwa namuuliza picha anampelekea nani, maana jibu ndilo linaloniambia mikono ikae wapi na kidevu kiinuke kiasi gani. Bibi sikumuuliza. Ubalozi umeshapanga kila kitu.

Saa tano, kijana wa bodaboda. Nikampiga moja ya kupimia mwanga, bado kavaa reflekta, anacheka na mwenzake mlangoni. Nikamuuliza swali langu.

"Mshenga anaipeleka ukweni."

Basi, koti! Kicheko kikaisha. Mikono yenye oili akaificha mfukoni mwenyewe, sikumwambia.

Saa saba umeme ukakatika. Nikala wali maharage gizani.

Saa tisa mzee mmoja kaniletea picha ya marehemu mama yake, imeliwa na mchwa pembeni. Mama kasimama mbele ya ngazi za kuchorwa, mkono kauweka kifuani ili saa ionekane.

"Mama hakuwahi kuwa na saa," mzee akanong'ona, kama anayetoa siri ya ukoo.

Nikamwambia saa ilikuwa ya studio, bila shaka. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwaazima wateja suti, saa, kalamu, redio, hata Vespa. Wapo wanaouita huo uongo. Mimi siuiti hivyo. Mama yule alijua anataka kukumbukwaje, na kwa kweli amekumbukwa hivyo. Mzee akafikiri kidogo. "Saa usiifute."

Saa kumi na moja, mabinti wanne. Pozi wamekuja nazo kutoka kwenye simu, mimi wananihitaji kwa taa tu. Mmoja akataka nimfanye mweupe. Tukabishana, nikapunguza mafuta usoni, rangi nikaiacha. Kanuna, kalipa.

Saa moja usiku nafunga, bodaboda huyo. Akaitazama picha ya koti muda mrefu, akaridhika. Kisha kwa sauti ya chini:

"Fundi, ile ya kwanza, ya reflekta, umeifuta?"

"Ipo."

"Nisafishie na hiyo. Ya mama."