Komini nne zinaanza na K: kupanga indikatifu za radio Lubumbashi

Lubumbashi ina komini 7, yaani sehemu za utawala za mji: Lubumbashi, Kenya, Kampemba, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Annexe. Anayepewa kazi ya kupangia magari ya polisi, ambulansi au pompiye indikatifu za radio, yaani majina ya kuitana hewani, hukimbilia herufi ya kwanza ya komini. Anakwama palepale. Nne kati ya hizo zinaanza na K, na Kilo, neno la radio la herufi K, ni moja tu. Lima, neno la herufi L, nayo ni komini ya Lubumbashi au ni mji mzima?

Mimi nashikilia namba: tarakimu ya kwanza iwe komini, herufi iwe aina ya kikosi, mbili za mwisho ziwe gari lenyewe. Polisi wa Los Angeles wana mpangilio wa namna hiyo. Katika "1-Adam-12", 1 ni divisheni ya Central, Adam, yaani herufi A, ni gari la doria lenye askari wawili, 12 ni eneo lake la doria. Askari akiwa peke yake, anaitwa Lincoln, yaani L. Opereta akisikia herufi hiyo tu, tayari anajua kama aliye barabarani ana mwenzake, na anaamua haraka kama atume msaada.

Tuseme Katuba imepewa 4. Gari litaitwa 4-Alfa-12, na namba zitasomwa moja moja: moja, mbili. Radio zetu zinachanganya Kifaransa na Kiswahili, na kukiwa na kelele, "six" na "dix" hazitofautiki. Vivyo hivyo tatu na tano. Mtandao uchague lugha moja ya namba na kubaki nayo. Jina la mtu au cheo chake lisiingie kabisa: indikatifu ni ya kazi, na anayeingia zamu anaipokea kama ilivyo.

Juu ya majina haya ya kila siku kuna utambulisho wa nchi. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeipa Kongo herufi za mwanzo kuanzia 9O hadi 9T. Ndiyo maana ndege zetu zinaandikwa 9Q au 9S. Ndani ya mji hutazisikia sana.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni utambulisho wa tatu, ule ambao radio ya kidijitali inautuma yenyewe. Kwenye DMR, mmoja wa mifumo ya radio za kidijitali, kila radio ina namba yake, kati ya 1 na 16,776,415, na kituo kikuu, yaani Santrali, huiona kwenye skrini. Namba hiyo imefungwa kwenye kifaa, wakati indikatifu imefungwa kwenye kazi. Radio mbili zikibadilishana mikono kwenye chaji, skrini itaonyesha Ruashi huku anayeongea yuko Katuba. Akiwa anaongea, opereta atagundua. Akibonyeza kitufe cha hatari bila kuweza kusema, kinachofika ni namba tu, na gari la msaada litaelekea Ruashi. Kwa hiyo daftari la zamu liandikwe namba ya kiwandani ya radio, namba ya DMR, indikatifu, jina la anayeipokea na saa. Kisha apige mwito wa majaribio huku opereta akisoma skrini.

Kosa jingine linatoka kwa fundi. Ananakili programu ya radio moja kwenda nyingine ili amalize upesi, na namba ya DMR inanakiliwa pia. Radio mbili zinakuwa mtu mmoja. Namba ibadilishwe kwenye kompyuta kabla ya kuingiza programu kwenye radio ya pili.

Wakati wa kuita, bonyeza, ngoja kama sekunde moja, ndipo useme: "Santrali, hapa 4-Alfa-12." Anayeitwa anatangulia, ili wengine wajue mwito si wao. Kungoja kunaipa relai, mtambo unaorusha sauti mbali zaidi, nafasi ya kufunguka. Usipongoja, maneno ya mwanzo yanakatwa. "Santrali, hapa 4" ikimezwa, inabaki Alfa-12, na kila komini inaweza kuwa na Alfa-12 yake.

Gari likihamishwa komini, indikatifu ibadilike mwanzoni mwa zamu, kamwe si katikati. Santrali itangaze jina la zamani na jipya pamoja, na la zamani lisipewe gari jingine siku hiyohiyo.