Upele wenye maua

Siku ya tano baada ya harusi ya mdogo wangu, hapa Langoni, miguu yangu ilianza kuwasha, kwanza juu ya vidole, kisha ikapanda hadi kwenye vifundo. Muuzaji wa duka la dawa alitazama mara moja akasema ni fangasi. Nikapaka krimu ya klotrimazoli siku saba. Wapi! Malengelenge yakapasuka, yakatoa maji, hata ndara sikuweza kuvaa. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, hilo ni jicho la watu."

Daktari wa kliniki hakukimbilia dawa. Alinipanua vidole kimoja kimoja. Fangasi ya miguu, alinieleza, aghalabu huanzia katikati ya vidole, hasa kidole cha mwisho na jirani yake, ambako jasho halikauki. Kwangu huko kulikuwa safi. Akakwangua ngozi kidogo, akaitia potasiamu haidroksaidi, ambayo huyeyusha seli za ngozi ili nyuzi za fangasi zionekane kwenye hadubini. Hakuona hata uzi mmoja. Kisha akanisogeza dirishani.

"Dada, huoni? Upele wako una maua."

Kweli. Ulikuwa umefuata mchoro wa piko, ile rangi nyeusi niliyochorwa miguuni kwa ajili ya harusi, jani kwa jani, ukakoma pale pale mchoraji alipokomea. Machozi yalinitoka, karibu wiki mbili nilikuwa nikiutazama bila kuuona.

Nilimbishia kwamba piko nilishaipaka harusi mbili nyuma, haikunidhuru. Akasema ndivyo mzio wa namna hii ulivyo: mwili hukitambua kitu kama adui kimyakimya, kikirudi ndipo unapopigana nacho. Mkosaji ni parafenilenidiamini, kemikali ya rangi ya nywele, ambayo wengine huipaka kama piko au huichanganya na hina iwe nyeusi upesi. Hina ya majani matupu hutoa wekundu au hudhurungi, tena hutaka saa kadhaa.

Alinipa krimu ya betamethasoni, steroidi inayotuliza kinga ya mwili pale kwenye ngozi. Ingekuwa ni fangasi, krimu hiyo ingeistawisha. Ndiyo maana alikwangua kwanza, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alinionya pia nisiguse rangi nyeusi ya nywele, kwa kuwa mzio huu kwa kawaida ni wa maisha. Muwasho ulitulia baada ya siku chache, madoa yakakaa miezi.

Harusi iliyofuata, kule Shela, hina niliichanganya mwenyewe: unga wa kijani na maji ya ndimu. Nikalala nayo usiku kucha.