Yai bichi kwenye bakuli la mbwa mzee

Mbwa akishapita miaka kumi, meno yamelika, huja mpaka kwenye bakuli, akanusa, akarudi kulala. Inauma kumtazama. Ndipo mtu humpasulia yai bichi juu ya chakula, naye akalamba mpaka bakuli likang'aa. Furaha hiyo tunaielewa. Ila kinachomvuta ni harufu ya kiini na ulaini wake, na vyote hivyo hubaki hata yai likipikwa.

Hofu kubwa ni salmonela, vijidudu vinavyoleta maradhi ya tumbo. Hukaa juu ya ganda, na pengine ndani ya yai lisilo na ufa wowote. Mbwa kijana mara nyingi hapatwi na kitu. Mzee, hasa aliye kwenye dawa za steroidi, zinazopunguza kinga ya mwili, anaweza kuharisha vibaya. Hata asipougua, huvitoa vijidudu kwenye kinyesi na kuvibeba mdomoni, kisha anamlamba mtoto usoni. Kulitia yai majini uone kama linaelea hukuonyesha ukuukuu wake tu. Ama avidini, protini ya kwenye ute mbichi inayozuia mwili kupata bayotini, yaani mojawapo ya vitamini B, hiyo imevumishwa kupita kiasi: madhara huja kwa ute mbichi mwingi, kila siku, kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo tunasema lipikwe, tena ni kazi ndogo. Chemsha robo kikombe cha maji, pasulia yai humo, koroga kwa uma dakika tatu hivi hadi ute uwe mweupe na kiini kisichuruzike. Usitie chumvi, mafuta wala kitunguu. Likiwa vuguvugu, mimina pamoja na maji yake juu ya chakula kikavu: punje hulainika, na harufu hupanda, jambo la maana kwa pua iliyochoka.

Yai moja lina kalori kama 70. Mbwa mzee wa kilo 10 hutumia takriban 500 kwa siku, basi nusu yai inamtosha. Wa kilo 25 analimudu zima. Punguza chakula kingine kwa kiasi hicho. Anza na kijiko kimoja, uangalie kinyesi siku mbili. Mwenye ugonjwa wa figo, kiini kina fosforasi nyingi, madini yanayozielemea figo. Aliyewahi kuugua kongosho, mafuta ya kiini yanaweza kumrudisha kitandani. Hao muulize kwanza daktari wa mifugo. Huenda akawaruhusu ute uliopikwa peke yake.

Na anayeshikilia kutoa bichi, achague lisilo na ufa, alipasue wakati uleule, na bakuli lioshwe kwa sabuni mara mbwa anapomaliza. Lisikae na mabaki kwenye joto hadi jioni.