Wimbo Unaochaguliwa na Miguu

Mwaka wangu wa kwanza London nilipanga chumba karibu na Ladbroke Grove bila kujua nimehamia wapi. Ilipofika wiki ya mwisho ya Agosti nikaona wenye maduka wanapigilia mbao madirishani, nikadhani kuna vurugu inakuja. Jirani wa ghorofa ya chini yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa Port of Spain kule Trinidad na kuja Uingereza akiwa msichana, akanigongea mlango. Akaniambia ni kanivali ya Notting Hill, sherehe ya muziki na mavazi barabarani, na Jumatatu nisijifungie ndani, nishuke nikakae kwake.

Nilimkuta dirishani na daftari la shule mapajani. Chini yalikuwa yanapita malori yaliyobeba spika ndefu kama makabati, nyuma yake watu mamia kwa mamia wamevaa manyoya na shanga. Kila lori likipita, yeye anaandika jina la wimbo na kuchora kijistari. Wimbo uleule ukirudi na lori jingine, anaongeza kijistari. Vikifika vinne, cha tano anakilaza juu yao. Nikamwuliza, "Bibi, unahesabu nini?" Akasema anahesabu wimbo wa barabara, kama wanavyohesabu kwao.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa muziki ambao mpaka siku ile ulikuwa kelele tu kwangu.

Kwao Trinidad kanivali kubwa ni Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu. Makundi yanapita njia iliyopangwa, na kwenye njia hiyo kuna vituo vya waamuzi. Kundi likifika kituoni, mwamuzi anaandika wimbo unaopigwa wakati huo. Basi, kazi yake imekwisha. Haandiki kama sauti ni tamu wala kama mashairi yana kina. Mwisho wanajumlisha, na wimbo uliopigwa mara nyingi zaidi ndio unaotwaa taji la Road March. Shindano la kumpata bingwa wa kalipso, uimbaji wa Trinidad wenye mashairi, lipo pia, lina jukwaa, majaji na alama, na hilo ni la masikio. Hili la barabarani ni la miguu. Aliye juu ya lori anapiga kile kitakachowavusha watu wake kituoni kwa nguvu zote. Akikosea atajua hapohapo, maana watu watapoa mbele ya macho yake.

Mimi ni mtu wa Tanga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia habari za ngoma ya beni, makundi hasimu ya Marini na Arinoti, watu wamevaa sare za kizungu, tarumbeta mbele, wanapita mitaani wakitambiana kwa nyimbo. Mshindi alikuwa yule aliyeondoka na watazamaji wa mwenzake. Kwa hiyo jirani yangu aliponieleza Road March sikuhitaji maelezo marefu.

Nilichohitaji kuelezwa ni kwa nini barabara yenyewe ina uzito namna ile kwao. Mwaka 1783 Hispania, iliyokuwa ikikimiliki kisiwa cha Trinidad, iliwakaribisha walowezi Wakatoliki. Wakaja Wafaransa wengi pamoja na watumwa wao, na dansi zao za vinyago za kabla ya Kwaresima, ambazo walizicheza majumbani mwao. Waingereza wakakitwaa kisiwa mwaka 1797. Watumwa walipopata uhuru kamili tarehe 1 Agosti 1838, waliingia barabarani na sherehe yao wenyewe, Canboulay. Jina hilo ni Kifaransa kilichopinda, maana yake miwa iliyoungua. Zamani shamba likishika moto, watumwa walikurupushwa usiku kwenda kuokoa mali ya bwana. Sasa, wakiwa huru, walibeba mienge kwa hiari yao, wakapiga ngoma, wakapigana kwa fimbo kwa ustadi, wakaimba. Aliyeongoza nyimbo waliita chantwell. Sisi tungemwita manju. Alitoa mstari kwa Krioli ya Kifaransa, umati ukaitikia kwa kiitikio kifupi ambacho mtu anaweza kukishika huku anatembea na kutoka jasho. Mbegu ya wimbo wa barabara iko hapo: kiitikio chepesi mdomoni, na mapigo yanayofuata hatua.

Mwaka 1881 mkuu wa polisi, Kapteni Baker, alitaka kuizima mienge hiyo. Watu wa Port of Spain wakapambana na polisi wake mitaani, mpaka Gavana Freeling akalazimika kwenda mwenyewe kusema na watu ili watulie. Miaka mitatu baadaye serikali ilirudi na sheria: mienge marufuku, ngoma marufuku, makundi ya watu kumi au zaidi wenye fimbo marufuku. Mwaka huohuo wa 1884, San Fernando, polisi waliwafyatulia risasi Wahindi wa mashambani waliokuwa kwenye maandamano yao ya Hosay, yaani maombolezo ya Hussein ya mwezi wa Muharramu. Jirani yangu ni Mkatoliki, lakini akilitaja tukio hilo anasema "watu wetu."

Wenye ngoma zilizopigwa marufuku walikata mianzi, mirefu kwa mifupi, wakawa wanaigonga chini na kuigonganisha, kila mwanzi na sauti yake. Waliita tamboo bamboo. Miaka ya 1930 vyuma vikaanza kuingia: mabati ya biskuti, vifuniko vya mapipa ya taka, vyuma vya magari. Vita Kuu ya Pili ilipokuja kanivali ilisimamishwa kuanzia 1942, na vijana wa mitaa ya kimaskini wakaendelea kuponda vyuma vyao mpaka wakagundua kwamba bati likipondwa kwa mpango linatoa noti za muziki. Vita vilipokwisha Ulaya mwaka 1945 walimiminika barabarani na vyombo hivyo. Leo chombo hicho, pani, kinachotengenezwa kwa pipa la mafuta, ndicho fahari ya nchi nzima. Naomba msomaji akae kidogo hapo. Chombo hicho kilizaliwa kwa sababu mtu alinyang'anywa ngoma yake.

Mwaka 1956 alitokea kijana wa miaka 20, Mighty Sparrow, mzaliwa wa Grenada aliyekulia Trinidad, na wimbo wake "Jean and Dinah". Ulizungumzia hali ya wanawake waliokuwa wakiwategemea wanajeshi wa Marekani, sasa wanajeshi wameanza kuondoka kwenye kambi zao. Ulishinda jukwaani na barabarani. Mimi nina neno na wimbo huo, nalo nimemwambia jirani yangu: unawacheka wanawake maskini ambao hawakupewa nafasi ya kujibu. Kwetu taarabu ukimrushia mtu kijembe, unajua naye atapanda jukwaani kesho. Akanitazama kwa muda, akasema hata yeye alipokuwa msichana alikuwa akiucheza bila kusikiliza maneno.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni mwimbaji wa kalipso Lord Kitchener. Jina lake halisi Aldwyn Roberts, mzaliwa wa Arima, Trinidad, mwaka 1922. Alishuka bandari ya Tilbury, Uingereza, kwenye meli ya Empire Windrush mwezi Juni 1948, na kamera za habari zikamkuta palepale akiimba wimbo wa kuisifu London. Alikaa Uingereza zaidi ya miaka kumi, na muda wote huo akiwatungia watu wa kwao nyimbo, sahani za santuri zinasafiri kwa meli kwenda kuchezwa kwenye kanivali ambayo yeye mwenyewe hayupo. Kila baridi ya Januari inapoingia kwenye mifupa yangu namfikiria. Unakaa kwenye chumba cha kupanga, nje kiza kinaingia saa kumi jioni, na unatunga wimbo wa watu wanaocheza juani. Mimi huwatumia wanangu sauti kwenye simu kila usiku, naijua hali ya kuwepo mahali kwa sauti peke yake.

Aliporudi, mwaka 1963, alitwaa taji kwa wimbo uitwao "The Road", unaohusu barabara yenyewe. Kuanzia hapo mpaka 1976 alilitwaa mara 10. Siri yake ni kwamba aliwatungia wapiga pani. Mwaka huohuo wa 1963 mashindano yao makubwa, Panorama, yalianza, na Kitchener alijua kuweka sauti ya besi mahali ambapo pani inaweza kutembea. Wimbo wa mtu mmoja ukawa wa watu 100 wenye nyundo ndogo mikononi.

Nyimbo hizo zilifikaje chini ya dirisha la jirani yangu? Kuna mwanamke hapo. Claudia Jones, mzaliwa wa Port of Spain, 1915, mkomunisti na mwandishi wa habari, Marekani ilimfukuza mwaka 1955, akaja London. Mwaka 1958 vijana wa kizungu waliwashambulia watu weusi Notting Hill siku kadhaa mfululizo. Claudia akaona watu wake wanahitaji kitu cha kuwainua, akaandaa kanivali ya ndani ya ukumbi, St Pancras Town Hall, tarehe 30 Januari 1959. Ilikuwa ndani kwa sababu ya baridi. Alifariki mwishoni mwa 1964, hakuiona iliyotoka nje. Mwaka 1966 Rhaune Laslett aliandaa tamasha la mtaa Notting Hill, na Russell Henderson na wenzake wakatoka barabarani na pani zao, watu wakawafuata. Tangu hapo hawakurudi ndani.

Kwa Trinidad wenyewe, mwanamke wa kwanza kutwaa taji la barabara alikuwa Calypso Rose wa Tobago, mwaka 1977. Mwaka uliofuata akalitwaa tena, na jukwaani pia akashinda, ndipo waandaaji wakalazimika kuacha kuliita shindano la "mfalme". Wakati huo muziki wenyewe ulikuwa unabadilika. Lord Shorty, aliyekulia kusini mwa kisiwa kati ya Wahindi, alikuwa ameingiza dholak, ngoma ya Kihindi, na dhantal, chuma cha kugonga, kwenye kalipso, na hapo ikazaliwa soca. Aliyekua akimsikiliza Juma Bhalo wa taarabu kwenye tabla na melodi za filamu za Kihindi hawezi kushangaa kwamba Mwafrika na Mhindi waliokaa kijiji kimoja wametoka na muziki mmoja.

Mwaka 1980 Blueboy, ambaye baadaye alijiita Superblue, alishinda kwa "Soca Baptist", ulioiga mdundo wa ibada za Wabaptisti wa Kiroho. Waumini walilalamika, na walikuwa na haki: ibada yao ilipigwa marufuku na serikali kuanzia 1917 hadi 1951. Mwaka 1991 mtu huyohuyo alikuja na "Get Something and Wave", akiwaambia watu washike chochote wapunge. Mpaka leo kila Agosti naona vitambaa na bendera vikipungwa chini ya dirisha letu. Binti yake, Fay-Ann Lyons, alishinda mwaka 2009 kwa wimbo wenye jina la baba yake ndani yake, akiwa na mimba kubwa.

Wazee wengi wa huku wanasema nyimbo za sasa hazina maneno, ni ruka, punga, ruka tena. Mimi siwaungi mkono. Nimeshuka barabarani, nimetembea nyuma ya lori saa nne, na nakuambia saa ya tatu hutaki beti. Unataka mtu wa kukwambia hatua inayofuata.

Mwaka jana macho ya jirani yangu yalikuwa yamepungua nguvu, hivyo daftari nilishika mimi, yeye akiwa ananitajia majina ya nyimbo kwa kusikia tu. Jioni, malori yalipokwisha pita, kikaja kikundi kidogo cha wazee wenye pani shingoni, wanapiga ule wa Kitchener wa 1963. Akaniambia andika. Nikamwambia, Bibi, huu si wa mwaka huu.

"Umepita barabarani, haujapita?"

Nikauandika, nikachora kijistari.