Mtungi wa pili wa gesi: unaubeba wa nini?

Kila majira ya joto yakikaribia hapa Ujerumani, simu zinaanza kuingia. Kuna aliyekodi motahomu, gari lenye vitanda na jiko ndani, kwa ajili ya likizo ya watoto, kuna aliyechanga na shemeji yake wakanunua ya zamani. Wakishamaliza habari za bima na za njia, linakuja swali la gesi: tubebe kilo ngapi? Mimi huwarudishia maswali mengine kabla sijajibu. Mnaenda mwezi gani? Mnavuka mpaka au mnabaki humu humu? Friji yenu ni ya aina gani, na hita inakula gesi au dizeli? Wengine hukasirika, maana walitaka namba tu.

Na namba wanayo tayari, kusema kweli. Kabati la gesi la motahomu nyingi za huku limetengenezwa liingie mitungi miwili ya kilo 11. Mtu akiona nafasi mbili, anajaza mbili na kufunga mlango. Kilo 22 za gesi, safari njema. Kwa safari ya majira ya joto mimi naona huko ni kusafirisha chuma bila sababu.

Tuanze na uzito, kwa sababu unatuuma sisi wageni kuliko wenyeji. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda unaiendeshea huku miezi 6 tu tangu uhamie, kisha unafanya mtihani upya, wa nadharia na wa barabarani. Ukifaulu unapewa daraja B, na daraja B kikomo chake ni gari la kilo 3,500 likiwa na kila kitu ndani: watu, maji, nguo, baiskeli, gesi. Wazee wa hapa waliopata leseni kabla ya 1999 wanaruhusiwa hadi tani 7 na nusu. Kwa hiyo yule jirani mwenye mvi mtakayemkuta kwenye kambi ya likizo, anayebeba mitungi miwili, pikipiki na mashine ya kahawa, usimwige. Leseni yake si yako.

Motahomu nyingi za daraja hilo zikitoka kiwandani zimebakiza kilo mia chache tu za mzigo, na familia ya watu wanne inazimaliza kabla haijapakia chochote cha maana. Sasa angalia mtungi. Ule wa chuma wa kilo 11, ukiwa mtupu, wenyewe una uzito unaokaribia gesi unayoweka ndani yake. Ukijaa unafika kilo 23 hivi. Miwili ni 46. Ipo mitungi ya alumini ambayo ikiwa mitupu haizidi sana kilo 5, lakini ni ghali, wezi wanaipenda, na si kila mahali watakubadilishia alumini kwa alumini. Ukizubaa unaondoka na wa chuma. Soma pia maandishi madogo kwenye karatasi za gari, kwa sababu uzito unaotangazwa aghalabu umehesabu mtungi mmoja, tena wa alumini.

Sasa matumizi. Kilo moja ya propani, gesi iliyomo kwenye mitungi hiyo, ina nishati ya karibu uniti 13 za umeme, kwa hiyo hesabu si ngumu. Jiko kwa watu wawili wanaopika mara mbili kwa siku linakula gramu 100 hadi 150. Kupasha tangi la lita 10 la maji ya kuoga ni gramu 50 hivi kila mara. Mlaji mkubwa wa majira ya joto ni friji, ile ya zamani inayopoza kwa mwali wa gesi: gramu 300 hadi 400 kila siku, usiku na mchana, hata mkiwa ufukweni mmeisahau. Jumlisha, unapata kama gramu 600 kwa siku. Mtungi mmoja wa kilo 11 unawapeleka siku 18.

Ukiwa kambini umechomeka umeme, friji hiyo inahamia kwenye umeme na hesabu inashuka hadi gramu 250 hivi. Motahomu mpya nyingi zina friji ya kompresa inayotumia betri na sola, haigusi gesi kabisa. Hapo mtungi huo huo wa kilo 11 unakaa wiki 6. Watu wawili wenye friji moja ya gesi na moja ya kompresa wanaweza kulala jirani wiki tatu nzima, mmoja akabadilisha mtungi na mwingine asifike nusu. Ndiyo maana siwezi kukupa namba kwa simu bila kujua friji yako.

Sasa lile lililo kwenye kichwa cha habari. Mtungi wa pili kazi yake kubwa ni kukuambia kwamba wa kwanza umeisha. Mtungi ukiisha, huwa unaisha jikoni, usiku, sufuria iko motoni. Ukiwa na wa pili kando unafungua koki, unaendelea kupika, na kesho una siku kadhaa za kutafuta mahali pa kubadilishia ule mtupu bila presha. Kwa kazi hiyo, kilo 5 zinatosha kabisa. Kwa gramu 600 kwa siku una zaidi ya wiki moja ya kutafuta. Mmoja wa 11, mmoja wa 5, unaokoa kilo 12 hivi za uzito, ambazo ni lita 12 za maji. Mimi nikiulizwa kati ya maji na gesi ambayo huenda nisiiguse, nachagua maji.

Majira ya baridi ni habari nyingine kabisa, na hapa sitaki mtu aninukuu vibaya. Hita ya gesi ya kilowati 6 ikiwaka kwa nguvu zote inakula karibu nusu kilo kwa saa. Haiwaki hivyo saa 24, lakini nje kukiwa na barafu na ndani mna watoto, kilo 3 kwa siku ni kitu cha kawaida. Fanya hesabu: mtungi wa kilo 11 haumalizi siku 4. Friji na jiko hapo ni chenji tu. Beba yote miwili mikubwa, na ule mdogo uache nyumbani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kiasi. Ya pili wengi hawaijui: gesi ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika, na ili igeuke mvuke lazima ivute joto kupitia ukuta wa mtungi. Mtungi mdogo una ukuta mdogo. Hita ikiuvuta kwa nguvu unapoa, msukumo unashuka, na hita inazima na kuonyesha hitilafu wakati gesi bado imo. Mtu anapiga simu anasema hita imekufa, haijakufa.

Kwenye baridi pia hakikisha ni propani. Butani, gesi nyingine inayouzwa mitungini, inaacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri, wakati propani inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa butani uliojaa, asubuhi ya theluji, ni chuma tu. Huku Ujerumani mitungi ya kubadilisha kwa kawaida ni ya propani, kwa hiyo tatizo hilo linawakuta zaidi wanaonunua gesi kusini.

Na hapo ndipo mpaka unapoingia. Mtungi wa kijivu wa Ujerumani ni mali yako, unaubadilisha nchi nzima kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, vituo vya mafuta na kambi. Mwekundu ni wa amana na unarudi kwenye mfumo wa kampuni iliyoutoa. Ukiingia Ufaransa, Hispania, Italia au Norway, wauzaji wa kawaida hawaupokei huo wa kijivu, kwa sababu kila nchi ina mitungi yake na midomo yake. Kwa hiyo swali la kilo ngapi linageuka kuwa siku ngapi nje ya mpaka. Wiki 3 za Ufaransa mwezi wa Julai, friji ya gesi, bila umeme wa kambini: kilo 12.6. Kumi na moja na tano ni 16. Inatosha na chenji inabaki. Miezi 2 ya Hispania kwa matumizi hayo haitoshi kwa namna yoyote, hata ukibeba mikubwa miwili ingeisha baada ya wiki 5 hivi, na hapo ni bora kupanga mapema kutumia mtungi wa kule.

Kwa kazi hiyo kuna seti ya adapta 4 za Ulaya zinazounganisha regulata ya Kijerumani (kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi inayotoka mtungini) na mitungi ya nchi nyingine. Ni ndogo, inaingia mfukoni, inunue kabla ya kuondoka. Angalia tu kibandiko cha gari: mfumo wa kisasa ni wa msukumo wa milibari 30, lakini motahomu za zamani za Kijerumani zina milibari 50, na regulata ya moja haiendi na vifaa vya nyingine.

Kuna wanaoniuliza kuhusu mitungi ya kujaza mwenyewe kwenye pampu ya gesi ya magari. Ni mizuri sana kwa anayesafiri miezi mingi au anayelala kwenye theluji kila wikiendi. Ina valvu inayokata ikifika asilimia 80, kwa sababu gesi ikipata joto inatanuka na lazima ipewe nafasi. Pampu zenyewe nazo zina midomo ya aina nne barani Ulaya, kwa hiyo adapta tena. Majira ya joto mchanganyiko wa pampuni unaweza kuwa na butani nyingi, usiutunze ukaja kuutegemea Desemba. Ila kuujaza mtungi wa kawaida wa kijivu kwenye pampu hiyo, hilo Ujerumani ni marufuku, hauna cha kukata ukijaa kupita kiasi. Utaona watu wanafanya gizani. Waache. Na kama unasafiri wiki 3 kwa mwaka, gharama ya mfumo huo hutaiona ikirudi.

Utajuaje kilichobaki? Geji ndogo inayofungwa kwenye regulata haikusaidii, maana inapima msukumo, na msukumo unategemea joto la mtungi, hautegemei kiasi. Itakaa kwenye kijani mpaka jioni ya mwisho. Tumia mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya ndege. Funga koki, fungua nati kwa mkono (inageuka kinyume na nati nyingine, watu hukazana nayo kwa hasira wakizidi kuikaza), ning'iniza mtungi, kisha toa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma karibu na koki. Ukibaki na 4, una kilo 4. Njia nyingine haihitaji kufungua chochote: baada ya hita kufanya kazi kwa muda, pitisha kiganja ubavuni mwa mtungi kutoka juu kushuka. Juu ni pakavu. Mahali unapokutana na ubaridi na umande, ndipo gesi ilipoanzia. Siku yenye unyevu mstari huo unaonekana kwa macho, umenyooka kama uliopigwa rula.

Mengine ni mafupi. Mtungi husimama wima na kufungwa mkanda, haulazwi, la sivyo kimiminika kinaingia kwenye regulata. Tundu lililo kwenye sakafu ya kabati usilizibe kwa viatu wala mabomba ya maji. Propani ni nzito kuliko hewa na hutokea hapo chini ikivuja. Funga koki ukiingia kituo cha mafuta na kwenye feri. Ukitaka hita iwake ukiwa barabarani, gari liwe na kifaa kinachokata gesi likigongwa. Na tangu Juni 2025 ukaguzi wa gesi kila baada ya miaka 2 ni wa lazima kisheria kwa motahomu Ujerumani, kwa hiyo anayenunua gari la zamani adai karatasi hiyo, na aangalie tarehe kwenye regulata na mpira wa gesi. Zikifika miaka 10 zinabadilishwa.

Wenye hita ya dizeli na friji ya kompresa, ninyi gesi yenu ni ya jiko peke yake. Mtungi mmoja wa kilo 5 unawatosha mwezi mzima na zaidi, na nafasi ya pili iacheni tupu: viti vya kukunja wekeni juu ya gari au popote pengine, isipokuwa humo kabatini, maana mkaguzi hapendi kukuta vitu visivyo vya gesi. Kama hofu ya kukosa chai usiku inawasumbua, ongezeni wa pili wa 5. Wa 11, hapana.