Maswali kumi ya sauti ya mjomba

Mjomba wangu hunadi samaki pale Deep Sea, Tanga. Samaki wakimwagwa, yeye ndiye anayepaza bei, na kamisheni yake hutokana na koo lake. Mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Akanywa tangawizi na asali, akatafuna karafuu, miezi miwili ikapita. Baadaye nilikuja kujua kwamba sauti ikikwama zaidi ya wiki 4 koo linatakiwa kuangaliwa, na kwa mvutaji sigara kama yeye si vizuri kungoja hata hizo.

Daktari alimpitishia kamera nyembamba puani, akaona uvimbe mdogo ukingoni mwa uzi mmoja wa sauti. Kisha akanikabidhi mimi karatasi ya maswali 10 kwa Kiingereza, kila swali likijibiwa kwa alama, kuanzia 0 kwa "haijanitokea" hadi 4 kwa "kila mara". Fomu ndefu ya maswali 30 ilitolewa Marekani mwaka 1997, hii fupi ikafuata mwaka 2004. Haisemi mtu anaumwa nini, hiyo ni kazi ya kamera. Inasema ugonjwa unamnyima nini. Jumla ya juu kabisa ni 40, na ikizidi 11 huhesabiwa kuwa sauti imeshayagusa maisha. Akaniomba nikamsomee mjomba nyumbani, kwa Kiswahili chetu.

Nilimsomea jioni ile ile, mkewe akichambua mchele pembeni, watoto wamezagaa. "Sifuri. Andika sifuri." Jumla ikatoka 6. Mkewe hakusema neno, alinitazama tu.

Kosa lilikuwa langu, na mara mbili. Mahali kwanza: nilitaka akiri mbele ya mke na wanawe kwamba riziki imepungua. Halafu maneno. Swali moja nililigeuza "unajiona mlemavu", akakunja uso: "Mlemavu nani, mpwa wangu?" Jingine liliuliza habari za chumba chenye kelele, na kazi yake haina chumba.

Nikaandika upya. Chumba chenye kelele kikawa "mnadani, injini za boti zinanguruma". Kutengwa na mazungumzo kukawa "barazani kwenye kahawa, wenzako wanabishania bao". Ulemavu ukawa "unajiona umepungukiwa". Daktari aliikubali kwa sharti moja: tafsiri hii haijajaribiwa kwa watu wengi, kwa hiyo alama za mjomba zilinganishwe na za mjomba mwenyewe, si za mtu mwingine.

Mara ya pili tulikaa wawili tu, alfajiri, juu ya ngalawa iliyofudikizwa. Kwenye swali la kipato alinyamaza kitambo. "Tangu Ramadhani mnada wa kwanza ananishikia kijana. Mimi nabaki kuhesabu." Nikaandika 4. La barazani, akasema siku hizi hurudi nyumbani kwa uchochoro wa nyuma, maana kila mtu anamuuliza sauti imekuwaje, na kule kujibu kwenyewe kunamchosha. Hilo lilinichoma. Uchochoro ule nimepita naye mara kadhaa nikidhani anakata njia. Jumla ikawa 29.

Namba hiyo ndiyo iliyogeuza mpango. Awali alikuwa apewe mazoezi ya sauti na miadi ya baada ya miezi 3. Daktari alipoona ile 4 ya kipato, akaharakisha rufaa ya Dar es Salaam uvimbe ukatolewe. Akamtaka anunue kipaza sauti cha mkono, na asinong'one, kwa kuwa kunong'ona kwa kujikamua nako kunazichosha nyuzi. Sigara aliacha wiki ile.

Wiki ya 10 baada ya upasuaji tulirudia maswali palepale kwenye ngalawa. Jumla 12. Swali la barazani 0. La kipato bado 2: wanunuzi wake wawili wakubwa wamekwisha kumzoea yule kijana. Nimeliandika pembeni mwa fomu kwa maneno yake mwenyewe, daktari alisome.