Muziki wameupiga watu wengine

Aliyesema ni Kaka Omari, Jumamosi, akiwa na kipande cha kuku mkononi, na leo ni Alhamisi bado namsikia. Hakunitukana. Hakupandisha hata sauti. Ila kuna maneno ukiambiwa na mtu baki unacheka, ukiambiwa na Kaka Omari yanakukaa kooni kama mwiba wa changu.

Wiki yenyewe ilikuwa na makubwa yake: Saida kaolewa na wageni wamerudi makwao salama, Mama katolewa bandeji ya jicho na anaona, na ofisini tumehamisha mfumo mzima wa mikopo kwenda seva mpya bila mwanachama yeyote kupungukiwa hata senti. Mtu mwenye akili zake angeandika kuhusu hayo.

Ilikuwa hivi. Akina mama walipoondoka kwenda ukumbini, nikamvuta kaka chumba cha nyuma, nikafungua kompyuta, nikampa pedi ya kuchezea gemu. Ninyi mnaopita hapa mnaijua Pweza, emuleta yangu, yaani programu niliyoiandika ili kompyuta ijifanye Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo, tangu haijaweza kuonyesha hata rangi moja. Kaka alikuwa hajawahi kuiona, anaisikia tu kwenye simu kila nikimpigia. Nikamwekea gemu la Contra, lile lile la kaseti ya njano niliyoisoma mwenyewe baiti kwa baiti. Akacheza. Kaka anakaribia hamsini sasa na vidole ni vile vile. Akaupita msitu, akaipita ngome ya kwanza, akafika kwenye maporomoko ya maji hajafa hata mara moja. Mimi nimesimama nyuma yake, nangoja sifa zangu. Akaiweka pedi kitandani taratibu.

"Umefanya kazi, mdogo wangu."

"Lakini?"

"Lakini siyo yenyewe."

"Siyo yenyewe vipi, kaka? Kaseti ni ile ile."

"Inakimbia. Na muziki wameupiga watu wengine."

Nikamwambia muziki wa gemu haupigwi na watu, ni namba zinaandikwa kwenye chipu, na namba ni zile zile. Akanitazama. Akasema, "Haya." Kisha akauliza kama kuku wamekwisha.

Hiyo "haya" nimeirudia kwenye basi kutoka Tanga, nimeirudia kwenye foleni ya Ubungo, nimeirudia usiku wa kuhamisha seva wakati wenzangu wanasoma dua. Kuna "haya" ya kukubali na kuna "haya" ya mtu mzima anayemwachia mtoto ashinde. Ile ilikuwa ya pili. Nimejaribu kuisikia vinginevyo, haikubali.

Na kinachoniuma ni kwamba Pweza imepimwa. Siyo kwa macho, kwa vipimo. Kuna programu ndogo inaitwa nestest, wanaoitumia ni watu wengi wanaotengeneza emuleta za Famicom: inaendesha amri za prosesa moja baada ya nyingine, na ina logi yake, yaani orodha ya majibu sahihi, mistari karibu 9,000, kila mstari una anwani, amri, na hali ya kila rejista, vile vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa, kwa wakati huo. Unaweka logi yako pembeni ya ile, unashuka nazo. Mahali zinapoachana, hapo ndipo ulipoharibu. Logi ya Pweza inashuka na ile mpaka chini kabisa bila kuachana, na zile anwani mbili za mwanzo wa kumbukumbu ambako programu huandika makosa zinabaki sifuri na sifuri.

Hata kasoro za asili nimeziiga. Prosesa ya Famicom ni 6502 iliyoondolewa hesabu za desimali; alama ya desimali unaweza kuiwasha, inawaka, haifanyi kitu. Ndivyo ilivyo kwenye Pweza. Kuna amri ya kuruka ambayo ikisoma anwani iliyokaa mwisho wa ukurasa wa kumbukumbu, nusu ya pili inakwenda kuichukua mwanzo wa ukurasa ule ule badala ya ukurasa unaofuata. Kosa la mwaka 1975 hilo, nami nimelijenga kwa mkono, kwa makusudi. Spriti, zile picha ndogo zinazotembea juu ya mandhari, zinapozidi nane kwenye mstari mmoja, za ziada hazionekani, kama zilivyokuwa hazionekani. Na Super Mario ilivyonitesa na spriti ya kwanza, ile inayogusana na sarafu pale juu ili gemu lijue wapi pa kuacha kuonyesha alama na kuanza kusogeza picha! Ukikosea hapo Mario hasogei, gemu linangoja mguso usiokuja. Yote hayo nimeyapita.

Sasa mtu anakuja na kuku mkononi ananiambia siyo yenyewe.

Jumapili usiku nikaanza na lile la kukimbia, kwa sababu hilo lilikuwa na maelezo. Famicom iliyotoka Japani mwaka 1983, na ile ya Marekani iliyofuata, zinachora picha 60 kwa sekunde kwa sababu ndivyo TV za huko zilivyokuwa. Sisi TV zetu zilikuwa za PAL, mfumo wa picha 50. Na gemu za siku hizo hazina saa nyingine. Kila picha ikimalizika, gemu linasogea hatua moja na muziki unasogea hatua moja. Kwa hiyo kwetu wimbo wa dakika nzima ulichukua sekunde 72. Tulikua na muziki wa polepole na hatukujua. Kaka alikuwa sawa kwa hilo, nikakubali, tena kwa moyo mweupe.

Nikaiweka Pweza kwenye hali ya Ulaya. Hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi, maana mashine ya Ulaya prosesa yake inakwenda megahezi 1.66 badala ya 1.79, na sauti zinazaliwa kutoka kwenye saa hiyo hiyo, basi kila noti ikashuka kwa zaidi ya nusu toni. Nikarekodi, nikamtumia kaka kwa WhatsApp. Jibu lilikuja asubuhi, sauti yake na pikipiki zinapita nyuma: "Huyu sasa anaumwa."

Jumatatu sikuigusa. Jumanne nilifungua kompyuta nikaifunga. Nilifika mahali pa kusema moyoni kwamba kaka amezeeka, masikio yameshachoka na majenereta ya watu anayoyatengeneza, na mtu hukumbuka anachotaka. Nilianza kabisa kuandika andiko lingine hapa, la ukali, kuhusu kumbukumbu zinavyodanganya. Namshukuru aliyekata umeme jioni ile.

Jana mchana ikaingia picha. Hakuandika neno. Ni mashine yetu, ile Baba Mdogo aliyotuletea kutoka Dubai mwaka mmoja baada ya ITV kuanza kurusha matangazo mwaka 1994, imefunguliwa mfuniko, iko juu ya meza yake ya kazi katikati ya risasi za kuungia waya na vipande vya waya. Sikujua kama bado anayo. Ndani kuna vumbi la miaka na nyaya ambazo naona zimewahi kuunganishwa na yeye mwenyewe, maana kaka akiunga waya huacha kitone kikubwa. Lakini katikati ya ubao kuna chipu mbili ndefu za miguu arobaini, kila upande ishirini. Nikaivuta picha mpaka ikaanza kuvunjika. Moja imeandikwa UA6538. Nyingine UA6527P.

Nikapiga kelele. Kwenye meza ya ofisi. Halima akadhani seva imeanguka.

Maana hiyo siyo Famicom ya Japani, siyo ya Marekani wala siyo ya Ulaya. Ni nakala, chipu za kampuni ya UMC ya Taiwan, ndizo zile zile zilizokuwa ndani ya Dendy, mashine waliyokua nayo watoto wa Urusi miaka hiyo hiyo ya 90. Na waliobuni nakala hii walikuwa wajanja kuliko nilivyowahi kuwapa heshima. Walitaka gemu za Japani ziende kwenye TV za PAL bila kuharibika. Wakaiacha picha iwe 50 kwa sekunde, kila picha mistari 312, lakini prosesa wakaiacha karibu na kasi ya Japani, megahezi 1.77, ndiyo maana noti hazikushuka. Na ile mistari iliyozidi ya Japani wakaitupa mahali ambapo gemu haliioni: picha ikimalizika mashine inakaa kimya mistari 51, ndipo inaliambia gemu "haya, kazi yako", na kutoka hapo muda uliobaki ni ule ule wa Japani. Gemu halijui kwamba limehama. Polepole, ndiyo, lakini haliumwi.

Hilo likanipa nusu. Bado "watu wengine".

Famicom ina chaneli tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, moja ya sauti zilizorekodiwa. Zile mbili za mraba ndizo hubeba wimbo, na kila moja inaweza kuwekwa ikae juu asilimia 12.5 ya mzunguko wake, au 25, au 50, au 75. Hapo ndipo tabia ya sauti inapotoka. Ya 50 ni nene, ina uwazi ndani. Ya 25 ni kali kidogo, inapita puani. Na nakala nyingi za zamani, kwa sababu waliounga chipu walibadilisha biti mbili, ziligeuza: gemu likiomba 25 linapewa 50, likiomba 50 linapewa 25. Nilishawahi kulisoma hilo na hata emuleta ya Mesen ina sehemu ya kuliwasha; nililipita kama mtu anavyopita tangazo la viwanja vya Kigamboni.

Sikutaka kuamini kwa kusoma tu. Nikampigia kaka, shikamoo, marahaba, nikamwomba aiwashe aniwekee simu mbele ya spika ya TV. Hakuuliza kwa nini. Dakika mbili baadaye nikawa nayo: kwanza mlio wa TV, kisha watoto wake wanagombania kukaa mbele, kisha ule muziki.

Nikaufungua kwenye programu ya kuchambua masafa. Kila noti imeundwa na harmoniki, milio kadhaa iliyopandana, na programu huchora kila mmoja kama mstari mweupe. Wimbi la mraba la asilimia 50 lina harmoniki za witiri tu, ya kwanza, ya tatu, ya tano. Shufwa hazimo. La 25 lina ya pili, lina ya tatu, linakosa ya nne. Nikachukua kipande ambacho Pweza inaniambia chipu imeombwa 50, nikatazama mahali pa harmoniki ya pili, panapotakiwa pawe peusi. Mstari mweupe, mnene, umekaa pale. Ningeweza kusingizia spika ya TV, spika mbovu huongeza harmoniki zake. Lakini nikaenda kipande kingine palipoombwa 25, pa kuonyesha ya pili, na pale pakawa peusi. Spika mbovu haiondoi.

Nikabadilisha mstari mmoja kwenye Pweza. Mmoja tu. Nikavaa vipokea sauti, nikaanzisha gemu, na kabla ya noti ya nne nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa kwetu utotoni, Barabara ya 12, kaka anawadai watoto wa jirani shilingi hamsini hamsini, na mimi nangoja zamu ambayo nilikuwa sipewi mpaka wenye pesa waishe. Nililia kidogo, msinicheke.

Nikamtumia. Alijibu saa nne usiku.

"Ehee. Hao ndio watu wangu."

Halafu sekunde chache baadaye, ujumbe wa pili: "Ila TV yetu ilikuwa inanguruma kwa chini. Hujaweka." Sitaweka. Au nitaweka, tuone.

Kwa sasa Pweza ina chaguo jipya kwenye menyu, chini ya Japani, Marekani na Ulaya. Limeandikwa Barabara ya 12. Vipimo vya saa vimekataa kulipitisha, mistari myekundu kibao, maana vimeandikwa kwa ajili ya mashine ya Japani, na kesho itabidi nianze kujiandikia vya kwangu. Kaka itabidi aiache mashine wazi pale mezani kwa muda, na shemeji ameshaanza kulalamika.

Mwenye nyumba kapiga simu wakati naandika haya. Anataka tuonane Jumamosi saa nne, hakusema jambo gani, akaniuliza tu kama nitakuwepo. Kodi nimelipa mpaka Desemba na risiti ninayo. Lakini Mama Zuhura wa chini alipigiwa simu ya namna hiyo hiyo mwezi wa tatu, naye pia alikuwa amelipa, na sasa hivi chumba chake kuna mafundi wanavunja ukuta. Risiti sijui niliiweka kwenye bahasha ipi.